Mwalimu Aliyetufundisha Kusimama Kilimani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeinua milima na kuitandaza ardhi, akawapa waja wake miguu ya kupandia na akili ya kujua pa kutua. Namshukuru kwa pumzi, kwa macho ambayo bado yanasoma bila taabu kubwa, na kwa watu aliowaweka njiani mwangu bila mimi kuwaomba. Mmoja wao ndiye nitakayemweleza hapa. Jina lake silitaji, kwani mwenyewe hapendi kutajwa, na kwa kweli nusu ya waliopita mikononi mwake hawalijui. Sote tunamwita Mwalimu.

Naandika kwa haraka ambayo si kawaida yangu, mimi mwanamke mtu mzima niliyezoea kulipima neno kabla ya kulitoa. Wiki hii Mwalimu, aliyewafundisha watu wetu wengi wa Minneapolis na Saint Paul, huku Marekani, kuendesha gari, amekwenda kupimwa yeye mwenyewe, upya, kama mwanafunzi. Alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea, na akaambiwa leseni hairudi mpaka mpimaji aridhike naye barabarani na kilimani. Akishindwa, yeye na mkewe wangehamia Texas kwa mtoto wao, na Mwalimu wetu angebaki kuwa mzee wa kukaa dirishani. Nilikuwepo siku hiyo. Lakini kabla sijasema niliyoyaona, lazima mjue ni mtu wa namna gani, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilisimama kwenye upepo wa baridi nikimsomea kila dua ninayoijua.

Ni Mtanzania, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Huvaa tai. Theluji imefika magotini, yeye yuko kwenye uwanja wa kuegesha magari na tai nyekundu juu ya sweta mbili, anamwelekeza mtu kurudi nyuma kwa mikono miwili kama anayeongoza kwaya. Na kwaya anaiongoza kweli, kanisani kwao, kwani ni Mlutheri mwenye msimamo. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, nimesomesha watoto Kurani tangu sijaolewa. Siku ya kwanza nilipokaa nyuma ya usukani nilisema Bismillahi, nikafumba macho, nikaongeza na dua ya safari. Alivua kofia akangoja kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Bi Mkubwa, hiyo imeshapokelewa. Sasa fumbua macho uangalie kioo."

Wakati huo nilikuwa nimehamia New Hope, kando ya Minneapolis, kwa binti yangu. Yeye ni muuguzi, hufanya kazi usiku na kulala mchana, na mimi nilikuwa na darasa la wanawake kule Frogtown, upande wa Saint Paul. Kila nilipotaka kwenda nilimwonea huruma kumwamsha. Wajukuu walinicheka. Nikiwaambia bibi yenu atajifunza kuendesha, walinielewa vizuri kabisa kwa Kiswahili, wakacheka kwa Kiingereza.

Walimu wengine huanza kwenye uwanja mtupu, mzunguko mpaka mtu azoee. Mwalimu huanza kilimani. Saint Paul ina mitaa iliyosimama kama ngazi, na yeye anaijua yote. Husema, "Kwenda kila mtu anaweza. Nionyeshe unavyosimama." Gari lake la kufundishia ni kuukuu, lenye breki ya mkono ya zamani, ile fimbo katikati ya viti viwili inayovutwa juu huku ikilia kraa-kraa-kraa. Mwanafunzi hulipandisha gari nusu ya mlima, akalisimamisha, naye Mwalimu akashuka, akavua kofia yake ya sufu na kuilaza chini, nyuma kidogo ya gurudumu. Kisha hurudi ndani akajifunga mkanda.

"Haya. Ondoka. Ukirudi nyuma, umeua kofia."

"Mwalimu, kaichukue kofia yako."

"Kwani unataka kuikanyaga?"

"Mimi sitaki. Gari ndilo linalotaka."

"Basi liambie."

Nililiambia, halikusikia. Tulishuka tukaitazama kofia, bapa kama chapati. Aliikung'uta, akaivaa na tope lake, akasema, "Si neno. Ilikuwa ikinibana." Kofia ile imekanyagwa na Wakenya, Watanzania na Wakongo, imekanyagwa na wachungaji wa kanisa na masharifu, na kila mtu huamini yake ndiyo iliyokanyagwa vibaya zaidi.

Alitufundisha kutuliza gari kwa breki ya mkono, kukanyaga mafuta taratibu mpaka pua ya gari ianze kuinuka na mgongo uhisi linataka kwenda, ndipo mkono uachilie. "Sikiliza kwa mgongo," alikuwa akisema, "masikio yana kazi nyingine." Siku niliyoweza, gari likapanda bila kurudi hata upana wa kidole, nilipiga kigelegele humo ndani ya gari. Naye akapiga honi, honi ndefu, mtaani kwa watu. Mzungu mmoja akafungua dirisha. Mwalimu akamwonyesha mimi kwa kidole, akampungia mkono. Yule mtu asiyejua lolote akatupigia makofi.

Alikuwa na chuki moja ya ajabu, chuki ya ile herufi P kwenye gia za magari haya. Watu hapa husimamisha gari, hutia P, hushuka. Breki ya mkono wameisahau kabisa. "Bi Mkubwa, usiiamini P. P ni kijino kimoja cha chuma kimechomekwa ndani ya gia, basi. Unalaza tani nzima ya gari juu ya jino moja. Wewe kwa jino moja unatafuna nini?" Kwa hiyo sharti lake lilikuwa: mguu kwenye breki, vuta breki ya mkono kwanza, ndipo utie P. Na magurudumu uyageuze. Ukiwa unapanda na kuna ukingo wa njia, yaelekee kushoto. Ukiwa unashuka, yaelekee kulia. Gari likiteleza lijigonge kwenye ukingo, lisiende kumtafuta mtu.

Na bado nilishindwa mtihani wangu wa kwanza, kwa ajili ya neno moja.

Mwalimu ni mtu wa Kiswahili. Hapendi mtu aseme anakwenda ku-drive au ku-reverse. Mbele yake useme kuendesha, useme kurudi nyuma, na useme breki ya mkono. Sisi Wakenya tukisema hendibreki alikuwa akishika kichwa. Akina mama wa Kongo walikuja na neno lao la Kifaransa, nao akawasahihisha. "Gari halijui Kiingereza," alituambia, "wala Kifaransa." Basi nikaenda kupimwa nimeiva. Nikapanda kilima cha kituoni, nikasimama vizuri, magurudumu nikayageuza. Mpimaji akaniambia maneno mawili niliyokuwa sijayasikia yakikaa pamoja: parking brake. Nami nikajisemea, huyu anataka vitu viwili, ku-park na breki. Nikatia P. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Nikamgeukia, nikatabasamu. Akarudia maneno yale yale. Nikakanyaga zaidi. Fimbo ya breki ya mkono iko pale, kando ya paja langu, nami siigusi.

Nilipomsimulia Mwalimu, alicheka mpaka akaegemea mlango. Halafu ghafla kicheko kikakatika.

"Rudia. Kasemaje?"

"Parking brake."

"Na yule Mkongo wa mwezi uliopita? Na dada yule wa Kisumu? Wameanguka wapi?"

"Kilimani, Mwalimu. Wote kilimani."

"Mungu wangu! Ndivyo wanavyoiita breki ya mkono!"

Aliwapigia simu wanafunzi wake mmoja mmoja pale pale, amesimama kwenye upepo, akipiga kelele kama aliyegundua kisima. Tangu siku hiyo kila somo lilimalizika na yeye kuigiza sauti ya wapimaji kupitia puani, nasi tukijibu kwa mikono. Anataja neno, unavuta fimbo. Aliendelea kudai Kiswahili safi, isipokuwa hilo neno moja, ambalo alilisema kwa heshima ya pekee, kama mgeni aliyekubaliwa kulala nyumbani. Mara ya pili nikapita. Wajukuu zangu walinyamaza siku nzima.

Kulikuwa na mengine ndani yake yasiyokaa pamoja vizuri. Alikuwa mvumilivu kwa mwanafunzi kuliko mtu yeyote niliyemjua, mwanafunzi angeweza kuikanyaga kofia mara ngapi sijui naye asibadilike uso, lakini foleni ya dukani ilimshinda. Alihubiri mwendo wa taratibu, na mkewe anasema anakula kama anayefukuzwa. Na kubwa kuliko yote ni kwamba alikuwa amefundisha nusu ya mji, lakini mkewe hajui kuendesha. Sisi humwita Mama Mwalimu. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Eden Prairie, mahali ambapo bila gari umekwama, na kila asubuhi Mwalimu alimpeleka, kila alasiri alimfuata. Nilimwuliza siku moja kwa nini hajifunzi.

"Kwa nani? Kwa huyu?" akanijibu. "Siwezi kufundishwa na mtu ninayemfulia soksi."

"Alijaribu mara moja," Mwalimu akasema kutoka sebuleni. "Alikataa kuniita Mwalimu."

"Na sitakuita."

Kisha magari mapya yakaja. Mengi hayana fimbo tena, yana kitufe kidogo tu. Na yana kitu kingine ambacho nilipolinunua gari langu muuzaji alinieleza kwa mbwembwe. Ukisimama kilimani ukaondoa mguu kwenye breki, gari lenyewe linajishikilia kwa muda wa pumzi mbili hivi, mpaka ukanyage mafuta. Nilimpelekea Mwalimu aone. Alikizunguka kitufe kile kwa macho kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Gari limeajiriwa yaya," akasema.

Jina likashika. Mpaka leo sisi wanafunzi wake husema gari lenye yaya na gari lisilo na yaya. Alikataa katakata kulifundishia. "Yaya anakushika mkono uvuke. Vizuri. Siku yaya akilala je? Utamwamsha nani hapo kilimani, na lori liko nyuma yako?"

Ndivyo alivyokuwa mpaka maradhi yalipomfika. Mungu alimrehemu, maneno yakarudi yote, mguu ukarudi, akili haikuguswa. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Uliinuka, ulikaa kwenye usukani, lakini haukuwa na nguvu ya kubana. Leseni ikazuiwa. Mama Mwalimu akawa anaamka gizani kutafuta wa kumbeba mpaka Eden Prairie, leo huyu, kesho yule, siku nyingine hakuna. Mtoto wao wa Texas akasema basi, njooni mkae huku, chumba nakitayarisha.

Nilikwenda kumwona na mahamri kwenye sahani. Alikuwa kwenye kochi, tai shingoni. Mkewe ndiye aliyekuwa akimfungia sasa.

"Bi Mkubwa, umekuja kuniaga."

"Nimekuja kula. Utanipa chai au hunipi?"

Chai ikaja. Akatazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwachia aushike. "Nimejaribu gari langu hapo nje, limesimama tu. Fimbo haiinuki. Nikiivuta kwa kushoto, mwili wote unapinda na macho yanatoka barabarani. Mimi mwenyewe ningejifelisha."

"Chukua langu."

"La yaya?"

"La yaya. Ni kitufe. Kidole kimoja kinatosha."

"Nikapimwe nimeshikwa na yaya! Watu nimewaambia nini miaka yote hii? Afadhali Texas."

"Huko mtoto wako aliko ni tambarare tupu. Utamfundisha nani kusimama, ng'ombe?"

Jikoni Mama Mwalimu akacheka. Mwalimu hakucheka. Nikaona hapa mzaha haufiki, nikamwambia nilichokijua tangu utotoni.

"Mwalimu, kwetu mtu akiwa mgonjwa huswali ameketi. Akishindwa kuketi, huswali amelala. Maji yakimdhuru, hutayamamu kwa vumbi safi. Swala yake inaitwaje?"

"Inaitwaje?"

"Swala. Haina jina jingine. Yule Aliyeiamrisha ndiye aliyeilegeza. Inaitwa ruhusa. Na mgonjwa anayeikataa ruhusa hamzidi mwenzake kwa uchamungu, anajitesa tu."

Akakata hamri kwa mkono wa kushoto, akalila polepole, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kwa hiyo yaya ni ruhusa."

"Yaya ni ruhusa."

"Mpaka nipone."

"Mpaka upone."

"Na nisipopona?"

"Basi ni ruhusa ndefu."

Hapo ndipo alipocheka, na mkewe akatoka jikoni kutazama ni sauti ya nani hiyo.

Walimpa kibali cha kujifunza, kile kile wanachopewa watoto wa shule, na sheria ikataka akae na mwenye leseni kando yake. Nikawa mimi. Nataka niseme kweli mbele ya Mungu: sijaona mwanafunzi mbaya kuliko yeye. Haambiliki.

"Magurudumu umeyaelekeza wapi, Mwalimu?"

"Kushoto, kwa sababu tunapanda na ukingo upo. Wewe nani alikufundisha?"

"Mzee mmoja wa makelele."

"Alikufundisha vizuri. Tulia."

Lakini mara ya kwanza alipoondoa mguu kwenye breki, katikati ya mlima ule ule wa kofia, akasubiri gari lirudi kama lilivyorudi maisha yake yote, nalo halikurudi, uso wake uliniacha nikisahau umri wangu na wake. "Halirudi!" akasema. Nikamwambia halirudi. "Bi Mkubwa, halirudi!" Akakanyaga mafuta, tukapanda laini kama mkono juu ya hariri. Akazunguka mtaa, akarudi chini, akapanda tena. Na tena. Mwanamke mmoja alitoka barazani kututazama, na Mwalimu akamfungulia kioo kumweleza kwa Kiingereza chake chote kwamba gari halirudi.

Siku ya mtihani ilikuwa ya upepo, theluji ya mwisho imelala kandokando imekuwa nyeusi. Mpimaji alikuwa mama wa makamo, mwenye adabu, hacheki. Wakaondoka. Mimi nikabaki nje, kwani ndani nisingeona kilima. Mama Mwalimu alikuwa kazini Eden Prairie. Alikataa kuomba ruhusa ya kutoka. Alisema akija atamtia wasiwasi.

Niliwaona wakizunguka, wakirudi nyuma, wakiegesha. Kisha wakaanza kupanda. Akasimama nusu ya kilima, na hata kwa mbali niliona magurudumu yakigeuka kushoto. Taa za breki zikawaka, zikazima. Gari likakaa. Kidole kimekiona kitufe, nikasema, alhamdulillahi. Taa zikawaka tena, akawa anaondoka. Na gari halikuondoka.

Likakaa pale. Taa nyekundu, gari tuli. Nikasema ameshikwa na mkono. Nikasema amesahau. Nikasema maradhi yamerudi, ewe Mola, si leo, si hapo. Nikaanza kutembea kuelekea kilimani, haraka, bila kujali kama naruhusiwa. Ndipo nikawaona. Mabata bukini! Wale wakubwa wa shingo nyeusi, baba, mama na ukoo mzima, wanavuka njia mbele ya gari langu kana kwamba kituo ni chao. Mmoja alifika katikati akasimama kumtazama Mwalimu. Na Mwalimu, mtu ambaye foleni ya dukani humshinda, alikaa. Hakupiga honi. Hakusogea. Bata akamaliza shauri lake akaondoka.

Na wa mwisho alipovuka, gari likapanda. Halikurudi hata upana wa kidole. Mimi niliyekuwa nyuma yake nimeliona kwa macho yangu haya, na nilipiga kigelegele peke yangu pale katikati ya Minnesota.

Wakarudi, wakashuka. Mpimaji akampa karatasi, akamwambia kwamba amepita, na kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajaona mtu aliyetulia vile kilimani. Mwalimu akainamisha kichwa kumshukuru. Kisha akatembea mpaka mlango wa kulia wa gari, mlango wa abiria, akaufungua, akaketi, akajifunga mkanda, akangoja.

"Mwalimu," nikamwambia, "huko ni kwangu."

Akatazama mbele yake, hakuna usukani. Akatazama kiti cha dereva, kitupu. Akafungua mkanda, akazunguka mbele ya gari akiligusa kwa mkono ule mgonjwa.

Hatukurudi New Hope. Tulikwenda Eden Prairie. Mama Mwalimu alitoka na mkoba wake, akiangalia huku na huku kutafuta gari la jirani aliyemwahidi. Akaliona langu. Aliniona mimi kwanza, kwenye kiti cha abiria, kisha akainama kidogo aone ni nani anayeendesha. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaweka mkoba magotini.

"Mwalimu," akasema. "Mpigie mtoto Texas, umwambie asihangaike na kile chumba."

Nawe unayesoma, Mungu akupe wa kukusubiri unapojifunza na wa kukubeba unapochoka. Akulegezee pale ulipoelemewa, akuthibitishe kwenye kila mteremko, na akufikishe kwako salama. Amin.